Sema kwa Pumzi Moja: Namna ya Kuandaa Kauli Fupi ya Tamthilia ya Televisheni

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na wafadhili katika semina ya mawasiliano kwa maendeleo. Tunaichapa ili iwafikie pia wale ambao hawakuweza kuhudhuria. – Mhariri



Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo: namna ya kueleza mradi wa tamthilia ya televisheni kwa sentensi moja au mbili, kwa muda usiozidi nusu dakika. Wengi wetu tumezoea maandiko ya miradi yenye kurasa 30 au 40, pamoja na utangulizi, malengo, walengwa, viashiria na bajeti. Maandiko hayo yana kazi yake, wala sisemi tuyaache. Lakini kabla mtu hajafungua ukurasa wa kwanza, awe ni meneja wa vipindi wa kituo cha televisheni, mfadhili au Baba Paroko, huuliza kwanza: "Tamthilia yenu inahusu nini?" Jibu la swali hilo ndilo ninaloliita leo kauli fupi.

Wapo wanaodhani kauli fupi ni mbinu ya wafanyabiashara ya kuuza bidhaa. Mimi naiona kuwa ni kipimo. Kundi linaposhindwa kusema hadithi yake kwa pumzi moja, mara nyingi maneno hayakupungua. Kilichopungua ni uamuzi: kundi halijaamua hadithi hiyo ni ya nani.

KAZI YA KAULI FUPI

Katika ngano zetu mtambaji husema "Paukwa!" kisha hunyamaza. Haendelei mpaka wasikilizaji waitikie "Pakawa!" Wakikaa kimya, anajua kwamba hawajawa tayari, au kwamba usiku huo hawana hamu ya hadithi. Kauli fupi ni "Paukwa" yetu. Kazi yake si kueleza hadithi yote wala kutoa mafunzo yote, bali ni kuomba ruhusa ya kuendelea. Msikilizaji akisema, "Enhe, halafu ikawaje?" ameitikia "Pakawa". Akisema, "Ni mradi mzuri, tuleteeni andiko tutalipitia," ndugu zangu, huyo amekaa kimya kwa heshima.

Maandiko Matakatifu yanatupa mfano ulio wazi. Katika 2 Samueli sura ya 12, Nabii Nathani alikwenda kwa Mfalme Daudi kwa jambo zito kabisa: uzinzi na mauaji. Hakufika na mada ya uadilifu wa viongozi. Alimsimulia habari ya maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, aliyemlea nyumbani kama mtoto wake, na tajiri wa mji uleule aliyemnyang'anya ili amchinjie mgeni. Habari hiyo ina mistari minne tu. Daudi alikasirika na kutoa hukumu kabla hajajua kwamba anayehukumiwa ni yeye mwenyewe. Tazameni kilichomo ndani ya mistari hiyo minne: mtu, kitu anachokipenda, mtu mwingine mwenye nguvu kuliko yeye, na hasara. Hakuna zaidi.

TOFAUTI KATI YA MADA NA HADITHI

Tuchukue jibu la aina ambayo husikika mara nyingi mbele ya wafadhili: "Mradi wetu ni tamthilia ya vipindi 13 yenye lengo la kuihamasisha jamii kuhusu haki za wajane, usawa wa kijinsia, utawala bora, hifadhi ya mazingira na malezi ya vijana."

Hakuna neno baya katika jibu hilo. Lakini kamera haina cha kupiga picha. Haki haina sura, na utawala bora hauna mlango wa kugonga. Isitoshe, mada tano zimegombania nafasi moja, na wahenga walishasema, mshika mbili moja humponyoka. Je, mshika tano?

Sasa tusikie jibu la pili kwa mradi uleule:

"Mjane muuza dagaa wa Ukerewe ana siku arobaini za kuzuia mtumbwi wa marehemu mumewe usiuzwe na shemeji yake, ambaye ndiye anayemlipia binti yake ada ya chuo."

Hayo ni maneno 26. Hayana neno "haki" wala "jinsia", lakini yote mawili yamo. Na nina hakika baadhi yenu mmeshaanza kujiuliza mama huyu atafanyaje. Hiyo ndiyo "Pakawa".

MASWALI MATANO

Ili kufika hapo, kamati inaweza kujiuliza maswali matano, kwa utaratibu huu:

1. Ni nani? Si "wajane", bali mjane mmoja. Jina lake linaweza kusubiri. Msikilizaji hamjui bado, na jina halitamsaidia. Kazi yake na mahali pake vinamsaidia zaidi. "Muuza dagaa wa Ukerewe" ni maneno manne, lakini tayari tunaona mwalo, chanja za kuanikia, ndoo na debe.

2. Anataka nini kinachoonekana kwa macho? Hapa ndipo televisheni inapotofautiana na mahubiri, na hata na redio. Anayetaka "kuheshimiwa" hatuwezi kumpiga picha. Anayetaka mtumbwi tunaweza: mtumbwi upo, umefungwa gatini, una rangi, una jina ubavuni. Kila tukiuona tutakumbuka kinachogombaniwa.

3. Nani anamzuia, na ana sababu gani? Shemeji asiwe mwovu kwa sababu tu hadithi inahitaji mwovu. Labda alimkopesha marehemu fedha za kununulia nyavu. Labda anaamini kwa dhati kwamba mali ya ndugu yake ni ya ukoo. Mtazamaji mwenye mawazo kama yake asipojiona kwenye kioo, ataona tunamtukana na atahamia kituo kingine.

4. Itamgharimu nini? Hili ndilo swali linalosahaulika zaidi. Katika mfano wetu, anayeutaka mtumbwi ndiye anayemlipia binti ada. Mama akishinda, binti anaweza kurudi nyumbani. Ukiondoa sehemu hiyo ya mwisho ya sentensi, inabaki kesi. Ukiiacha, ni tamthilia.

5. Kwa nini sasa? Arobaini inatoa jibu. Siku hiyo ukoo utakaa kikao, mali itazungumzwa, na jina la msimamizi wa mirathi litapendekezwa. Kila mtazamaji wetu anaijua saa hiyo bila kuelezwa.

Kiswahili kinatusaidia sana katika kazi hii. Kitenzi kimoja kama "anayemlipia" kinabeba mtenda, mtendewa na uhusiano wao, jambo ambalo lugha nyingine zinahitaji maneno manne au matano kulisema. Kwa hiyo tusitafsiri kauli iliyoandikwa kwanza kwa lugha ya mfadhili. Tuiandike kwa lugha ambayo wahusika watazungumza, halafu tafsiri ifuate.

NANI AKAE KATIKATI?

Katika tamthilia nyingi za taasisi za dini, anayewekwa katikati ni kiongozi mwema: padre, katekista, mwalimu au mtaalamu wa mradi anayekuja kijijini kutatua matatizo ya watu. Nawaomba tulitafakari jambo hili, kwa maana tunapochagua wa kumweka katikati tunaonyesha pia ni nani tunayemwamini kuwa anaweza kubadilika.

Mwaka 1969 huko Peru ilionyeshwa tamthilia iliyoitwa Simplemente María, juu ya msichana mtumishi wa ndani aliyejifunza kushona kwa cherehani na kuinuka kimaisha. Watazamaji wanawake walivutiwa, na mauzo ya cherehani yakapanda. Miguel Sabido, mtayarishaji wa Mexico, alilichunguza jambo hilo, akajenga juu yake utaratibu wa kutunga tamthilia zenye manufaa kwa jamii. Mwaka 1975 alitoa Ven Conmigo, iliyowahusu watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika. Katika utaratibu wake wapo wahusika wema, wapo wabaya, na wapo wanaoyumba katikati. Hao wanaoyumba ndio nguzo, kwa sababu mtazamaji huyumba pamoja nao, na wakisimama naye hupata nguvu ya kusimama.

Nchini kwetu utaratibu huo ulitumika katika mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kusikika Radio Tanzania mwaka 1993, kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara mwaka uliofuata. Wengi wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani. Lakini aliyewafundisha wengi kwa kubadilika ni mkewe Tunu, aliyeanza akiwa mnyonge na hatimaye akasimama kwa miguu yake.

Sisi tunaosoma Injili hatupaswi kulishangaa jambo hili. Zakayo alikuwa mtoza ushuru juu ya mti. Petro alikana mara tatu. Hadithi haiwi ya Kikristo kwa kuwa padre yupo katikati. Inakuwa hivyo pale mtu dhaifu anapopewa nafasi ya kuchagua. Padre anaweza kuwemo. Lakini katika kauli yetu ya maneno 26 hayumo, wala katekista hayumo. Ni mama, shemeji, binti na mtumbwi.

GHARAMA ISIDANGANYE

Ndugu zangu, hapa nawaomba tuwe makini zaidi, maana tunazungumzia maisha ya watu.

Mjane wa mfano wetu ni wa kubuni, lakini mazingira yake ni ya kweli. Kanuni za urithi za kimila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilimweka mjane nyuma ya watoto na ukoo wa mumewe. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake ilitoa uamuzi juu ya wajane wawili wa Tanzania waliopokonywa mali na kuondolewa majumbani mwao na ndugu wa waume zao. Wanawake hao walikuwa wamepita mahakamani kwa miaka kadhaa. Hiyo ndiyo gharama halisi ya kudai.

Sasa fikirini tumetengeneza tamthilia ambamo mjane anasema neno moja la ujasiri kwenye kikao cha ukoo, wazee wanaguswa, shemeji analia, na mtumbwi unarudi. Watazamaji watafurahi. Kesho yake mama mmoja katika jumuiya ndogo ndogo ya kwenu atasimama kwenye kikao cha ukoo wake na kusema maneno yaleyale, na wazee wake hawataguswa. Gharama tuliyoificha kwenye hadithi atailipa yeye. Ndiyo maana nasema gharama iwemo ndani ya kauli fupi tangu siku ya kwanza. Ikiwemo pale, mwandishi hataweza kuikwepa kwenye kipindi cha 13.

Afrika Kusini wanatupa mfano mzuri. Tamthilia ya Soul City, iliyoanza mwaka 1994, katika mfululizo wake wa nne mwaka 1999 ilimwonyesha mwalimu anayeheshimika ambaye humpiga mkewe. Majirani walisikia kila kitu na kunyamaza, mpaka siku walipotoka nje ya nyumba yake wakagonga sufuria kwa pamoja. Kitendo hicho kiliigwa baadaye katika baadhi ya mitaa. Lakini watengenezaji hawakuishia kwenye picha. Wakishirikiana na mtandao wa mashirika ya wanawake walifungua namba ya simu ya bure, na walifuatilia utekelezaji wa sheria ya ukatili wa majumbani ya mwaka 1998. Aliyeguswa na kipindi alikuwa na mahali pa kwenda.

Kwa hiyo, kila kamati inapoandika kauli yake fupi, iandike pembeni jibu la swali hili: mtu mwenye tatizo kama hili akija parokiani Jumatatu asubuhi, atapokelewa na nani? Nchi yetu ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Je, tunawafahamu walio katika wilaya yetu? Kama hatuna jibu, tulitafute kabla ya kutafuta kamera.

Aidha, hadithi tunazozisikia katika jumuiya, katika ushauri nasaha na katika ofisi za huduma si mali yetu. Mjane wa tamthilia asifanane na mjane wa kigango cha jirani kiasi kwamba watu wanyoosheane vidole. Tubadilishe kazi, mahali, idadi ya watoto na chanzo cha ugomvi. Ikibidi kutumia habari ya mtu, aombwe ruhusa na aelezwe wazi kwamba itaonekana na watu wengi.

KWA NINI WIKI 13 NA SI USIKU MMOJA?

Kituo cha televisheni kitauliza jambo ambalo mfadhili pengine hataliuliza: hadithi hii itaendeleaje wiki baada ya wiki? Hapa ndipo sentensi ya pili inapohitajika. Inaonyesha chemchemi, yaani mahali panapoleta watu na matatizo mapya bila kulazimisha.

Wakenya wameliweza jambo hili kwa muda mrefu. Vioja Mahakamani ina mahakama: kila mara mshitakiwa mpya anapanda kizimbani. Makutano Junction ilikuwa na mji wa kubuni, na kama jina linavyosema, watu hukutana hapo. Huku kwetu Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012, ilimfuata Cheche, kijana mpiga picha wa Bagamoyo. Mpiga picha huingia harusini, msibani na majumbani mwa watu.

Katika mfano wetu chemchemi ni mtumbwi na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo sentensi ya pili inaweza kuwa: "Kila giza mtumbwi unaingia ziwani na wavuvi wenye madeni na siri zao, na kila mbalamwezi wanarudi mwaloni kugombana juu ya nani ni bosi wao." Katika sentensi hiyo kuna kazi, kuna mapumziko, na kuna mapambano yanayojirudia kwa sura mpya.

Sentensi hiyo ina bei pia. Kupiga picha usiku, majini, juu ya mtumbwi, ni kazi ya gharama na hatari. Kamati iamue mapema ni matukio mangapi yatakuwa ziwani na mangapi yatakuwa mwaloni, kwenye chanja na sebuleni kwa shemeji. Mfadhili makini ataisoma bajeti ndani ya sentensi hata kabla hajaonyeshwa tarakimu.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Wapendwa wafadhili, tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunajua nanyi mnawajibika kwa waumini na walipa kodi wa kwenu, na mnahitaji kuona malengo na viashiria. Hivyo mtavipata katika andiko. Ombi letu ni moja: kauli fupi ikishakubaliwa, isiongezewe mada. Tukiambiwa tuweke pia upandaji miti katika kipindi cha 6 na lishe katika kipindi cha 9, mama yetu ataacha kugombea mtumbwi na kuanza kutoa semina. Mtazamaji anaitambua semina kwa haraka sana, na kidhibiti cha televisheni kipo mkononi mwake.

Nasi kwa upande wetu tusiwaahidi kwamba tamthilia moja itabadilisha mila ya karne nyingi ndani ya miezi mitatu. Tamthilia inaweza kufungua mazungumzo ambayo nyumbani yalikuwa hayaanziki. Hilo si dogo, na ni ahadi tunayoweza kuitimiza.

ZOEZI LA KAMATI

Mkirudi parokiani, fanyeni zoezi hili. Kila mjumbe aandike kauli yake peke yake, isiyozidi maneno 30. Zisomwe kwa sauti bila majina ya waandishi. Kila kauli inayoanza na "inahusu" irudishwe kwa mwenyewe ili aianze upya kwa "kuna mama mmoja", "kuna kijana mmoja". Mkiisha kuchagua moja, msiipeleke kwanza kwa mtaalamu. Mpelekeeni mama lishe wa sokoni au kijana wa bodaboda. Salimianeni kama ilivyo desturi, muulizane habari za nyumbani, kisha semeni kauli yenu na mnyamaze. Msifafanue. Akiuliza kinachofuata, mmefaulu hatua ya kwanza. Siku ya tatu mrudieni, mwombeni awasimulie alichokikumbuka. Kile alichokisahau hakikuwa cha lazima. Kile alichokiongeza yeye mwenyewe, kiandikeni. Huenda ni bora kuliko chetu.

Msiwe na haraka. Sentensi hizi mbili zinaweza kuchukua majuma kadhaa, na majadiliano yatakuwa makali, kwa sababu mtakuwa mnaamua ni nani katika jamii yetu anayestahili kutazamwa kwa wiki 13. Mkishakubaliana juu ya hilo, andiko la kurasa 40 litaandikika, maana kila ukurasa utajua unamtumikia nani.

Mungu awabariki ninyi na kazi za parokia zenu.